Tulipojaribu antiX katika Kompyuta Kuukuu

Wasomaji wa gazeti letu la shule wamezoea kuona katika kurasa hizi habari za safari, za michezo na za mahafali. Mimi nataka kueleza habari za kazi iliyofanyika ndani ya chumba kimoja chenye madirisha mawili, yaani kazi ya kujaribu mfumo mpya wa kompyuta kabla haujatolewa rasmi kwa watu wote. Huenda wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu. Nawaomba wavumilie kidogo, maana katika kazi hiyo hapakuwa na mtaalamu hata mmoja. Tulikuwa vijana wanne wa kidato cha pili, pamoja na mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye alikabidhiwa ufunguo wa chumba kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Mwaka huo ulikuwa 2023. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine tisa za mezani zilizoletwa kama msaada zamani, sisi tukiwa bado nyumbani kwa mama zetu. Nyingi zilikuwa za namna ya Pentium 4, nazo zote zilitumia Windows XP, mfumo ambao wenyewe Microsoft waliacha kuutunza tangu tarehe 8 Aprili 2014. Basi kila flashi iliyochomekwa humo ilitoka na virusi. Kuwasha mashine moja na kungoja hata uweze kuandika jina lako kulikuwa kama kungoja maharage ya bwalo yaive. Tukasikia kwamba zitaandikwa kuwa chakavu na kuuzwa mnadani likizo ya Desemba. Nyingine hazikuwapo wala hazikuahidiwa, na wenzetu waliochagua somo la Kompyuta wangebaki kujifunza kibodi iliyochorwa ubaoni.

Mwalimu akatueleza habari za Linux. Si mali ya kampuni moja. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, naye akakitoa ili kila mtu akitazame na kukitengeneza. Juu ya kiini hicho watu hukusanya programu nyingine mpaka ukapatikana mfumo mzima. Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni mmoja wa mikusanyo mikubwa ya namna hiyo. Na juu ya Debian wengine hujenga mikusanyo myepesi zaidi. Mmojawapo ni antiX, ulioanza mwaka 2007 kwa kazi ya mtu aishiye Ugiriki, ambaye hujiita anticapitalista. Jina hilo ni la siasa, nami sikuja hapa kuhubiri siasa. Kilichotuvuta ni kwamba mfumo wake hutengenezwa makusudi kwa ajili ya mashine kuukuu, hata zile za biti 32 ambazo wengi wamekwisha kuzipa kisogo.

Wakati huo antiX 23 ilikuwa bado katika matoleo ya majaribio. Ilijengwa juu ya Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni, nayo ikatolewa rasmi mwezi wa Agosti. Kabla ya siku hiyo watengenezaji huomba watu waijaribu, na sababu yake si vigumu kuijua. Mtu aliye Ulaya hawezi kuwa na kila aina ya kompyuta mezani pake. Atajuaje kama mfumo wake unaamka katika mashine yenye vumbi la miaka mingi, mahali ambapo umeme hukatika mara mbili kwa siku? Hajui mpaka mwenye mashine amwambie.

Mwalimu alipakua faili usiku kwa bando lake mwenyewe. Sisi tulio bwenini hatuna ruhusa ya simu, kama wazazi mjuavyo, kwa hiyo kila jambo la intaneti lilipita mikononi mwake, na zaidi siku ya Jumamosi. Kabla ya kulitumia faili kubwa kama hilo yakupasa kuhakikisha kwamba limefika zima. Watengenezaji huandika alama yake ya uhakiki, mfululizo wa tarakimu na herufi 64, nawe hufanya hesabu hiyo upya kwa faili ulilolipata. Ikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika. Kompyuta inaweza kulinganisha yenyewe, lakini Mwalimu akataka tujue tunachokifanya, akatuketisha wawili wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole, kama watoto wa chuoni. Mara ya kwanza tukakwama katika herufi ya pili. Bando lilikuwa limekwisha kabla faili halijatimia! Ikabidi lipakuliwe upya, na ya pili ikaja sawasawa mpaka mwisho.

Tukaliandika toleo hilo katika flashi, tukalichomeka katika mashine namba tano. Uzuri wake ni kwamba waweza kuuwasha mfumo wote kutoka katika flashi bila kugusa diski. Namba tano ikaamka kwa muda usiofika dakika mbili, na ilipotulia ilikuwa ikitumia megabaiti 170 tu za memori kati ya 512 ilizo nazo. Mwenzangu ambaye kitanda chake kiko juu ya changu akapiga makofi mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Walakini kuamka ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Tulifungua daftari la kurasa 96, tukazipa mashine ukurasa mmoja mmoja, na kila moja ikaulizwa maswali yale yale: je, sauti inatoka? Kibodi yote inaandika? Printa inaonekana? Ukizima, inazimika kweli? Ilikuwa kazi ya kuchosha, nami sitaki kuwadanganya. Kufikia mashine ya nne mmoja wetu akataka tuandike tu kwamba zote ni sawa, kwa sababu zinafanana. Hazikufanana.

Namba mbili, mathalan, ilikataa kupokea marekebisho yoyote. Tulipoiunga na simu ya Mwalimu kwa waya ipate intaneti, kivinjari kilisema kwamba vyeti vya usalama vya kila ukurasa si halali, na programu ya kupakua marekebisho ikasema orodha iliyoletewa bado haijaanza kutumika. Wenzangu wawili wakakata shauri kwamba toleo jipya ni bovu, wakashika kalamu tayari kuwaandikia watengenezaji. Mimi nikaomba kwanza tuiwashe kwa flashi nyingine yenye toleo la zamani. Likafanya vile vile. Basi ubovu haukuwa wa toleo, ulikuwa wa mashine. Tukaitazama saa yake, kumbe ilisema ni tarehe mosi Januari, 2002! Ile betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, ambayo hulisha saa wakati umeme umezimwa, ilikuwa imekufa, na mashine ikidhani tuko mwaka 2002 iliviona vyeti vyote vimetolewa siku za mbele. Mwalimu akanunua betri ya CR2032 katika duka la fundi saa mjini. Tulipoiweka, namba mbili ikapona.

Namba saba ilikuwa kesi nyingine. Maandishi ya kwanza yalipita, kisha kioo kikawa cheusi tititi, ingawa diski ilisikika ikizunguka. Toleo la zamani liliwaka humo bila shida. Hapo ndipo tulipokuwa na jambo la kupeleka ng'ambo.

Kuandika ripoti kulitugharimu jioni tatu. Rasimu yetu ya kwanza ilisema kwamba mfumo ni mbaya na haufai kwa mashine namba saba. Mwalimu akavipiga mstari mwekundu vyote viwili, ubaya na kutofaa. Akasema, "Vijana wangu, mtu huyu hayupo hapa. Mwambieni mlifanya nini, mlitazamia nini, mliona nini. Hasira zenu hazitamsaidia." Kuna programu iitwayo inxi inayoorodhesha vyombo vyote vilivyo ndani ya mashine, tukainakili orodha yake, tukaeleza pia kwamba tukichagua katika orodha ya kuwashia ile njia ya picha salama, kioo huwaka. Mwenzangu wa kitanda cha juu hakuamini kwamba watasoma. "Nani atawasikiliza watoto wa shule?" akauliza. Jumamosi iliyofuata Mwalimu akaja na jibu amelichapa katika karatasi. Mtu tusiyemjua alitushukuru, akataka tujaribu kuongeza neno moja katika mstari wa kuwashia na kumweleza matokeo. Hakuuliza umri wetu. Neno lenyewe ni nomodeset. Tulipoliongeza namba saba ikawaka, tukamjulisha. Karatasi ile iko mpaka leo, imebandikwa ukutani kwa gamu ya unga.

Sasa nafikia sehemu iliyotutia tumbo joto. Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, na Bwana Mkuu wa Shule alitaka kuwaambia wazazi kwamba kompyuta zote tisa zimefufuka, ili asitishe habari ya mnada. Alituma mtu atuulize hesabu. Kwa kweli zote tisa zilikuwa zikiwaka. Lakini daftari lilisema hivi: sita zafaa kwa kazi yoyote ya darasani, mbili zafaa kuandikia tu, maana kurasa za intaneti za siku hizi huzimaliza memori kabla hazijafunguka, na moja, namba tisa, ina memori ya megabaiti 256 na diski inayolia kama mlango usiotiwa mafuta, haifai. Wenzangu waliogopa. Kama tukisema sita, je, haitaonekana kwamba tumeshindwa, na zote zikaenda mnadani? Mimi niliona kwamba tukisema tisa, siku ya mtihani wa vitendo kuna mwanafunzi atakayeketishwa mbele ya namba tisa, na huyo ndiye atakayelipa uongo wetu. Mwalimu hakutuamulia. Alisema ni daftari letu.

Tulikwenda ofisini wanne, viatu vimesafishwa. Bwana Mkuu alisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kusema neno, akafunga daftari, akauliza, "Hii sita mna hakika nayo?" Tukasema ndiyo. Siku ya Wazazi akatangaza sita, akasoma na sababu za zile tatu. Mzazi mmoja akasimama kuuliza kwa nini shule inatangaza mashine mbovu, na akajibiwa kwamba daftari liko wazi, aende akalisome. Mashine hazikwenda mnadani. Namba tisa tuliifungua, na kipande chake cha memori, ambacho kwa bahati kilikuwa cha aina moja, tukakitia katika namba saba.

Baada ya hapo ikaanza kazi ambayo hakuna aliyetuonya juu yake, nayo ni kuwasaidia watumiaji. Mfumo mpya ukiwekwa, kila kitu kinachopotea duniani huwa kosa lenu. Mama Karani alipowekewa antiX katika mashine ya ofisi alikaa kimya siku mbili, kisha akamtuma mwanafunzi aniite darasani. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Barua zangu zimekwenda wapi?" Zilikuwapo zote, tulikuwa tumezihamisha mapema, ila yeye alizoea kuziona juu ya kioo palepale, upande wa kushoto. Nikamwekea njia ya mkato mahali pale pale, mambo yakaisha. Mara nyingine barua yake ilirudishwa kutoka ofisi fulani wakisema haifunguki. LibreOffice ilikuwa imeihifadhi kwa namna yake yenyewe, nao huko walikuwa na programu nyingine. Nikaiweka ihifadhi kila barua kwa namna ya docx, nikaandika hatua hizo kwa Kiswahili katika kadi na kuigundisha kando ya kioo. Naona kadi ile imewasaidia watu zaidi ya yote niliyoyafanya katika majaribio, lakini hakuna anayekumbuka kwamba niliiandika mimi.

Tarehe 9 Agosti 2025 ilitoka Debian 13, na katika toleo hilo hawatoi tena kiini wala kisakinishi cha mashine za biti 32. Debian 12 itaendelea kutunzwa mpaka mwezi wa Juni 2028. Kwa hiyo Pentium zetu bado zina muda, lakini muda wenye tarehe. Nimeyaandika haya katika ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na ukubwa wa memori ya kila mashine, ili Bwana Mkuu ajue mapema ni ngapi za kutafutiwa badala.

Mimi namaliza kidato cha nne. Daftari nimewakabidhi vijana watatu wa kidato cha pili, ambao tayari wamegombana juu ya nani atashika kalamu. Nimewaonyesha betri inapokaa, na jinsi ya kusoma zile herufi 64 wawili wawili. Namba nne bado haitoi sauti, nao wanasema wamekwisha kupata wazo.