Mfuko wa Nyumba na Safari ya Watoto

Ndugu zetu wa Kongo wakiona picha ya watoto wetu mbele ya ile ngome yenye minara na kuta za rangi ya waridi, hutuandikia mara moja: "Kumbe ninyi wa Ulaya mna feza za kuchezea!" Neno hilo tumelisikia mara nyingi, wala halitukasirishi. Mwenye kuona picha haoni hesabu. Basi leo sisi, baba na mama wa watoto watatu, tukaao Brussels, tunataka kuwaonyesha hesabu yenyewe.

Ngome hiyo iko Marne-la-Vallée, kilometa 32 mashariki ya Paris, katika bustani ya michezo iitwayo Disneyland, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Pale pana farasi wa mbao wazungukao, mashua ziendazo gizani, na treni ndogo zipandazo vilima na kuanguka kwa kasi hata mtu adhani tumbo lake limebaki juu. Mtoto asomaye Brussels hukaa darasani na wenzake waliokwisha kwenda huko mara mbili, mara tatu. Baada ya kila likizo huulizana: "Wewe ulikwenda wapi?" Mkubwa wetu, mwenye miaka 13, alikuwa amezoea kujibu: "Nyumbani." Hakulalamika hata siku moja. Kama angalilalamika, labda tusingaliwaza sana.

Tukaanza Oktoba 2023 kuweka euro 60 kila mwezi. Tulizitoa wapi? Tuliacha kununua chakula cha mchana kazini, tukachukua wali wa jana katika kibakuli. Feza ya likelemba, yaani ile tunayochangiana na jamaa wa kwetu na kupokezana kwa zamu, hatukuigusa. Ile ina kazi yake: ni ya masomo ya watoto wa dada zetu kule Bukavu. Mwisho wa Desemba 2024 akiba ya safari ilikuwa euro 900, na Januari ikawa 960.

Mwezi wa Februari 2025 vita vikafika Bukavu. Mabenki yakafungwa, na vitu sokoni vikapanda bei. Koko wa watoto wetu anakaa Kadutu na wajukuu wanne. Usiku ule tulizungumza mpaka saa saba. Mmoja wetu alisema: "Tupeleke zote, mchezo utangoja." Mwenzake akajibu: "Tukipeleka zote leo, mwezi ujao tutapeleka nini?" Hatukugombana, lakini hatukulala vizuri. Asubuhi tulipeleka euro 350 kwa njia ya simu, na zile 60 za kila mwezi tukazigeuza njia: Februari, Machi na Aprili zilikwenda Kadutu. Zikabaki 610 za safari.

Tulipomweleza koko kwamba safari huenda ikafutwa, alitukatiza maneno. "Wapelekeni watoto," alisema. "Msije mkawaambia kwamba mimi ndiye niliyewazuia." Basi, shauri likawa moja tu: je, euro 610 zaweza kuwapeleka watu watano kule na kuwarudisha?

Hesabu yetu ya kwanza ilikuwa imepita euro 1,500. Ndani yake mlikuwa na hoteli ya bustani kwa siku mbili, tikiti za bustani zote mbili (maana pale pana bustani ya pili tangu 2002), na chakula cha kununua. Tulipoitazama tena tuliona jambo ambalo wengi hawalioni: feza nyingi haziishii mlangoni. Huishia kitandani, mezani, na katika duka la mwisho kabla ya kutoka.

Tulianza na siku. Bei ya tikiti hubadilika kufuata tarehe. Siku watu wajaapo ni ghali, siku wapungukapo hushuka. Sasa, tangu mwaka wa masomo 2022-2023, masomo ya Kifaransa ya Ubelgiji yana kalenda mpya, na likizo yake ya masika haifuatani tena na Pasaka. Mwaka 2025 ilianza tarehe 28 Aprili ikaisha tarehe 9 Mei. Tulichukua kalenda ya Wafaransa, tukaiweka kando ya yetu mezani. Tuliona kwamba watoto wao wote wangekuwa wamerudi darasani kufika Jumanne tarehe 6 Mei, na Alhamisi tarehe 8 ilikuwa siku ya mapumziko kwao. Tukachagua Jumanne ile. Kwa mzazi aliye na masomo ya Kifaransa Ubelgiji, kalenda hizi mbili zina faida kuliko matangazo yote ya punguzo.

Tena palikuwa na kitinda mimba wetu. Mtoto asiyetimiza miaka 3 haingii katika hesabu ya tikiti, naye angetimiza mwezi wa Juni. Hapo tuliona kwamba kungoja mpaka Agosti kungetugharimu tikiti nzima ya mtoto. Mkubwa, kwa bahati mbaya, alikwisha kupita miaka 11, akalipiwa kama mtu mzima.

Halafu tuliwapima watoto kwenye mlango wa jikoni, kwa kalamu. Michezo yenye kasi huwa na kimo chake: mmoja hutaka mtoto awe na sentimeta 102, mwingine 120. Wa katikati, mwenye miaka 7, alipita wa kwanza na kukosa wa pili kwa vidole viwili. Ni afadhali mtoto alie jikoni kuliko kulia mbele ya mlango baada ya kusimama saa nzima. Kipimo hicho kilituamulia pia kwamba bustani moja, ile ya ngome, yatosha kwa siku moja. Tikiti nne zikawa euro 330.

Kulala je? Hapa tulirudi kwenye desturi ya kwetu. Tuna binamu Torcy, mji ulio kwenye njia ileile ya treni ya RER A, vituo vitatu kabla ya bustani. Lakini kulala kwa ndugu si bure, na adhaniye kwamba ni bure atamaliza ndugu wote. Hatukufika mikono mitupu: tulipita Matonge, mtaa wa Wakongo pale Ixelles, tukanunua sombe, ndagala, unga na mafuta ya mawese, jumla euro 60. Tulilala kumi na mmoja katika vyumba vitatu, watoto wote sebuleni juu ya magodoro. Mama mwenye nyumba alipika mpaka usiku, na mama wa kwetu akaosha vyombo vyote, maana ndivyo ipasavyo.

Mafuta ya gari na ushuru wa barabara kwa kwenda na kurudi vilikuwa euro 110. Gari tuliliacha Torcy, kwa sababu kuliweka pale bustanini hulipiwa kwa siku nzima. Tangu Januari 2025 treni za mkoa wa Paris zina nauli moja, uwe karibu au mbali, na mwaka ule ilikuwa euro 2.50. Wa katikati alilipa nusu na mdogo hakulipa. Kwenda na kurudi, nyumba nzima: euro 17 na senti 50. Na kituo cha mwisho kiko mlangoni kabisa. Unashuka, unaona watu, umefika.

Chakula tulibeba: mikate yenye mayai, sambusa, ndizi, na chupa za maji za plastiki, maana za kioo haziruhusiwi kuingia. Maji tuliyajaza tena kwenye bomba za mle ndani. Vyote vilikuwa euro 25. Wazazi wengine huona haya kula mkate wa nyumbani mahali kama pale. Sisi tuliangalia kando tukaona Wafaransa, Waholanzi, Wahispania, kila mmoja na mkate wake katika karatasi.

Kuna pia Premier Access, ambayo ni kununua nafasi ya kupita mbele ya mstari. Hatukuinunua. Programu ya simu ya bustani huonyesha bure ni dakika ngapi za kungoja kila mahali. Mkubwa wetu akawa kapiteni, akatuongoza kwa simu mkononi. Tulifika kabla ya kufunguliwa, tukamaliza mambo ya mbio mapema, na wakati wa jua kali tukaenda kwenye farasi na mashua. Wenye mtoto mchanga wajue neno hili, Baby Switch: mzazi mmoja hubaki na mdogo, na mwenzake akitoka, naye huingia bila kurudi nyuma ya mstari. Haligharimu senti, ila lazima kumwuliza mfanyakazi wa mlangoni.

Katika maduka tulikuwa na sheria moja. Wakubwa wawili walipewa euro 10 kila mmoja, na mdogo 5, mkononi mwao wenyewe, asubuhi. Ajabu ni jinsi mtoto anavyobadilika feza ikiwa yake! Wa katikati alishika sanamu ya panya kwa robo saa, akatazama bei, akairudisha, akanunua kalamu. Kwa feza yetu angalilia mpaka tumnunulie. Euro 20 nyingine zilikwenda katika kahawa na barafu ya maziwa, wala hatukuzijutia. Mtu hawezi kuhesabu kila tone.

Tulirudi Brussels Jumatano jioni tukiwa na euro 22 na senti 50. Zilikwenda Kadutu kabla ya mwisho wa juma. Mwezi wa Juni zamu yetu ya likelemba ikafika, na ada za watoto wa Bukavu zikalipwa, pamoja na deni dogo la mwaka uliotangulia. Sasa ni zamu ya jamaa wa Torcy kulala kwetu. Watoto wao wanataka kuona Plopsaland, kule De Panne karibu na bahari, ambako bei hupangwa kwa kimo na mtoto asiyefika sentimeta 85 huingia bure. Tumekwisha kuwaandikia wampime mdogo wao, bila viatu, kabla hajazidi kukua.