Giza la Jumatatu

Iwapo unaye mtoto au ndugu aishiye Uingereza, yakupasa kuikumbuka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Oktoba. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ifikapo saa nane kwa saa za huko, mishale hurudishwa nyuma ikawa saa saba. Desturi ya kuzisogeza saa waliianza mwaka 1916, wakati wa vita, ili kubana matumizi ya makaa.

Sisi ambao jua letu huchwa baina ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima twaweza kudhani huo ni mchezo. Mimi niliishi London, na haukuwa mchezo. Jumamosi jua lilikuchwa karibu saa kumi na mbili kasorobo; Jumapili likachwa kabla ya saa kumi na moja. Basi Jumatatu watu hutoka kazini gizani kwa ghafla, na macho ya madereva hayajalizoea giza hilo.

Mpangaji mwenzangu, mpishi wa hospitali, aligongwa na gari jioni ya Jumatatu hiyo, akivuka barabara aliyoivuka kila siku. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye alivaa koti jeusi. Dereva alisema hakumwona, nami nilimsadiki. Mwenzangu alivunjika mguu, akakaa miezi mingi bila kazi, na fedha alizokuwa akimpelekea mama yake Tanga zikakatika.

Kwa hiyo umwandikiapo mwanao, mwambie avae kitu cheupe au cha kung'aa juu ya koti, na avuke penye taa. Ikiwa ana baiskeli, taa ziwake mbele na nyuma. Mwenye zamu ya usiku huenda akakaa kazini saa moja zaidi usiku huo; asiendeshe gari akisinzia. (Tena aulize mapema kuhusu malipo ya saa hiyo, maana si kila mwajiri huilipa.) Na kwa kuwa baridi nayo yaanza, asithubutu kuingiza jiko la mkaa chumbani: hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Tangu Jumapili hiyo sisi huwatangulia kwa saa tatu badala ya mbili. Ukimpigia simu saa tatu usiku, kwake ni saa kumi na mbili jioni, na yawezekana yumo barabarani. Mngoje kwanza afike nyumbani.