Gemu la 2002, Laptopu Mpya na Kaka Aliyeko Muscat

Kuna watu wananunua laptopu ya maana, inayoweza kubeba gemu lolote lililopo sokoni, halafu cha kwanza wanachoweka ndani ni gemu la mwaka 2002. Marafiki wanabaki kushangaa. Baldur's Gate 3 ilitoka 2023, picha kali kama sinema, na wewe umekaa unatazama watu wenye sura kama zimechongwa kwa panga?

Jamaa mmoja wa Nungwi yumo kwenye kundi hilo. Ana miaka 27, anatembeza watalii, tena kwa leseni yake, si papasi. Laptopu aliinunua kwa pesa za msimu mzima. Gemu lenyewe ni Morrowind, kazi ya Bethesda.

Kwa wasiolijua: unafika kwa meli ukiwa mfungwa, unashushwa kwenye kijiji kidogo cha pwani kinaitwa Seyda Neen. Kina vibanda, kinamasi na mnara wa taa. Mtoto wa Nungwi akiona mnara wa taa kando ya bahari, kashafika nyumbani huyo. Ukitaka kwenda mji wa Balmora unapanda mdudu mkubwa kuliko nyumba, analipwa nauli kama daladala ya 116. Huna pesa? Tembea, na yale madege ya cliff racer yakusumbue njia nzima.

Alilijua gemu hilo kupitia kaka yake. Kaka alikuwa mtunza stoo hotelini, na mzungu mmoja mpiga mbizi alipoondoka alimwachia kompyuta ya mezani, skrini ya chogo, nzito kama gunia la mbata. Dogo wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja. Kaka anashika kipanya, dogo anashika kamusi ya skuli.

Kamusi ilikuwa lazima, maana Morrowind haikuoneshi mshale wa "nenda huku". Mtu anakwambia vuka daraja, fuata mto, ukiona jiwe kubwa kata kushoto. Usipoelewa Kiingereza, umepotea. Leo dogo anawaelekeza watalii njia kwa Kiingereza safi na wanamuuliza kasomea wapi.

Kaka alikuwa na sheria moja. Pale mwanzo kuna pete unaiokota ndani ya pipa, mwenyewe ni kijamaa kinaitwa Fargoth. Unaweza kukaa nayo, hakuna wa kukufunga. Kaka alikuwa hakubali: "Pete ya mtu hiyo. Mrudishie kwanza, ndiyo tuendelee."

Halafu ikaja Desemba 2009. Wa Unguja mnaikumbuka. Waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara uliharibika upande wa Fumba, na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mahoteli yaliwasha majenereta. Nyumbani kwao kulikuwa na kibatari.

Usiku wa pili dogo akalia anataka gemu. Kaka akamwambia, "Kaa hapo. Tutalicheza kwa mdomo."

Na wakalicheza. Kaka anasimulia: umefika njia panda, kulia unasikia maji, kushoto kuna moshi, unakwenda wapi? Dogo anachagua. Wakikutana na adui, wanarusha simbi nne za pwani, zile zilizoangukia mdomo juu ndiyo mapigo yaliyompata. Hawakujua kuwa wamerudi kwenye asili ya magemu haya yote. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons hapakuwa na skrini. Ilikuwa watu wamekaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanarusha dadu. Pale Nungwi ilikuwa kibatari na simbi, basi.

Umeme ukarudi. Kaka akaja kwenda Muscat kutafuta maisha, kompyuta ikafa kwa chumvi ya bahari, na faili lao la mchezo likazikwa nalo.

Sasa, kulirudisha gemu kongwe kwenye mashine mpya si shida kama zamani. Duka la GOG linauza ya kale tangu 2008, yametengenezwa yakubali Windows za leo. DOSBox inaiga kompyuta za enzi za DOS. Arena na Daggerfall, kaka zake Morrowind, Bethesda wenyewe waliyatoa bure. Kwa Morrowind kuna OpenMW, injini mpya iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Unanunua gemu, unaipa mafaili yake, linakwenda kwenye skrini pana bila kukwamakwama. Mafundi wa majahazi wa Nungwi hawahitaji kuelezwa hili: mbao ikioza unatoa, unatia mpya, na jahazi jina lake ni lile lile.

Jamaa akaingia Seyda Neen. Mikono ilikuwa inaikumbuka njia. Usiku wa kwanza alipiga picha ya mnara wa taa, akaiweka status ya WhatsApp bila neno.

Hapo ujue kuwa yeye na kaka yake walikuwa na miaka miwili hawazungumzi zaidi ya salamu za Idd. Kisa ni shamba la marehemu baba, karibu na pwani. Kaka alitaka liuzwe, mnunuzi wa hoteli alishafika bei. Dogo alikataa. Maneno yalitoka ambayo hayarudi mdomoni.

Saa sita usiku simu ikaita mlio wa ujumbe. Muscat: "Umemrudishia pete yake?"

Akajibu: "Nimemrudishia, kaka."

Wakaanza hivyo. Kila usiku picha moja, neno moja. Lakini kulikuwa na kitu kinamsumbua dogo. Alikuwa anatafuta pango moja kando ya bahari, ndani yake kuna bibi anasuka ukili, ukimjibu vizuri anakupa njia. Alizunguka pwani nzima wiki mbili. Alifungua ramani za wachezaji wenzake mtandaoni. Wapi. Mwisho akamuuliza.

Kaka alituma sauti, anacheka: "Lile pango halimo, mdogo wangu. Nililitunga mimi, siku ya kibatari. Mafuta yalikuwa yanakwisha na wewe hutaki kulala."

Kimya kidogo, kisha: "Umeme ulirudi tukamwacha bibi wa watu hajajibiwa. Simbi unazo?"

Pwani ya Nungwi hazikosekani. Alitoka na tochi ya simu, akarudi na nne.

Sasa wanacheza kwa sauti za WhatsApp, na laptopu mara nyingi imefungwa. Shamba bado halijauzwa, na hakuna aliyebadili msimamo. Ila wiki iliyopita kaka ndiye aliyelitaja kwanza, akauliza minazi ya baba imezaa vipi mwaka huu. Dogo alimjibu mti kwa mti.

Wadau, mna gemu gani la zamani mmelirudia? Na mlikuwa mnalicheza na nani?