Dini Ichekwe au Isichekwe?

Leo naziacha programu kidogo.

Kuna swali ambalo tumelibishania kazini mara nyingi: je, imani ya mtu inafaa kukosolewa, hata kukejeliwa? Mimi nasema ndiyo, bila kumung'unya maneno. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweza kumfunga mtu mwaka mmoja kwa kuandika maneno akikusudia kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Kwangu, kifutwe. Dini inayoomba pesa zangu haiwezi kukataa maswali yangu.

Lakini nina kisa.

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu. Runinga ya KTN ilipeperusha uchunguzi kuhusu mhubiri mmoja aliyewaambia watu wapande mbegu ya shilingi 310. Ulionyesha jinsi maji ya kuoshea miguu ya waumini yalivyogeuzwa kuwa kama damu kwa potasiamu pamanganeti, ileile tuliyoitumia kwenye maabara ya shule. Watu walicheka hadi machozi. "310" ikawa mzaha kila mahali, kwenye matatu, kwenye Facebook. Nami sikuachwa nyuma: namba ya shangazi yangu niliihifadhi kwenye simu kwa jina "Mama 310", maana naye alikuwa ametuma.

Siku moja alipiga simu yangu ikiwa mezani mbele yake, akaliona. Hakusema kitu. Aliendelea kutuma, ila sasa kwa siri. Mhubiri mzaha wangu haukumgusa hata kidogo, uliompata ni shangazi. Ni kama kumcheka mtumiaji kwa hitilafu iliyoandikwa na mwanaprogramu.

Mwaka 2017, nikiwa chuo kikuu, aliniuliza mwenyewe: "Hiyo dawa yenu ya maji mekundu ni gani?"

Nikainunua kwenye duka la dawa, nikadondosha chembe mbili ndani ya glasi ya maji mbele yake. Rangi ikashuka kama nyuzi nyembamba, kisha maji yote yakageuka. Akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaniambia alianza kutuma wakati bintiye alipolazwa, na sisi jamaa zake wote tulikuwa tumemwambia hatuna pesa.

"Mbona hukunionyesha hivi siku ile, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo ndipo nilipobadilisha jina lake kwenye simu.