Usiseme Amepotea

Wiki jana nilikuwa nimeshika simu, kidole kiko tayari kufuta akaunti. Miezi minane napost video kutoka hapa Kibirichia, na ya mwisho ilitazamwa na watu 41. Nusu yao ni mabinamu zangu.

Mathe alikuwa mlangoni akichambua waru za mbegu, TV inaonyesha marudio ya Kina. Akatokea Nana Tandala. Nikasema, "Huyu anajua kuigiza, wueh!"

Mathe akacheka. "Huyo si yule msichana wa Popstars? Kwani ulidhani alianza juzi?"

Manze, nilinyamaza. Mimi Sanaipei Tande nilimjua kama muigizaji tu. Kumbe 2004, kabla hata nizaliwe, huyu msichana wa Mombasa alishinda Coca-Cola Popstars, akaimba na wenzake wawili kwa kundi la Sema. Wimbo wao Leta Wimbo, mathe bado anaujua wote.

Kundi halikudumu. Ingekuwa leo, tungeshasema ameisha. Lakini aliingia redioni akatangaza, akaendelea kuimba peke yake, akashirikiana na Jua Cali kwa Kwaheri. Kina ilipoanza 2020, alikuwa na miaka 16 kwa hii sanaa.

Sisi tukikosa kumwona mtu kwa simu wiki mbili, tunasema amepotea. Amepotea wapi? Alikuwa kazini, ni sisi hatukuwa tunaangalia.

Sasa, sitawadanganya ati ukivumilia lazima utoboe. Yeye alishinda shindano kubwa akiwa bado mdogo. Mimi hata bando nakopa. Kuna watu wamevumilia hadi leo na hakuna kitu. Lakini kilichonigusa ni redio. Hakukaa akingoja wimbo mmoja umlishe maisha yake yote. Alitafuta kazi nyingine inayotumia sauti ile ile.

Nikamwambia mathe nataka kuacha video. Hakuinua hata kichwa. "Hizi waru zikikaa chini ya udongo miezi mitatu, wewe husema zimepotea?"

Jumamosi nilienda sokoni kupakia magunia kwa lori. Mgongo unauma hadi sasa, lakini pesa ya maiki imeanza kuingia. Akaunti bado iko.

Na wewe, ni nani ulisema ameisha, na kumbe alikuwa tu kazini?