Televisheni Baina ya Magharibi na Isha

Wako kati yetu wasemao kuwa televisheni ni mlango wa ufisadi, na dawa yake ni kuitoa nyumbani. Wako na wengine waiwashao alasiri wakaiacha ipige kelele hata usiku wa manane, asijulikane nani aitazamaye. Mimi si wa hawa wala wa wale. Sisi watu wa Unguja twaijua televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali ndugu zetu wa Tanzania Bara hawakuwa na vituo vyao mpaka mwaka 1994. Si haba, tumekwisha kuijua kheri yake na shari yake.

Kwetu huwashwa baada ya sala ya Magharibi, huzimwa kwa adhana ya Isha, kisha huwashwa tena kwa muda wa saa moja. Nayo hutazamwa na nyumba nzima.

Jumamosi iliyopita kilianza kipindi cha mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi na tanga lake likasukwa kwa miyaa. Mwanangu mdogo akauliza, "Babu, mbona maji hayaingii?" Mzee wangu, aliyekalafati majahazi ujanani mwake, akageuza kiti akaipa televisheni kisogo. Akaeleza pamba inavyoshindiliwa baina ya mbao, na sifa inavyopakwa, na harufu yake isivyotoka nguoni hata ukifua mara tatu! Kipindi kikesha naye hajamaliza. Mtoto akataka apelekwe Beit al-Ajaib akauone mtepe uliokuwa umewekwa huko, ikabidi aambiwe kuwa sehemu ya jumba lile iliporomoka mwezi wa Disemba 2020.

Mapishi yakapita, na mama watoto akayakosoa yote. Tangazo la mafuta ya kung'arisha ngozi nalilizima sauti.

Baada ya Isha kikaja kipindi cha ilimu ya nuru. Kilimtaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir katika karne ya 11. Walikuwapo wataalamu wa kale walioshika kuwa jicho ndilo litoalo miali. Yeye akabainisha kuwa nuru ndiyo iingiayo jichoni, akachunguza inavyopita katika tundu dogo mpaka ndani ya chumba chenye giza. Shemeji yangu, ambaye televisheni haimo nyumbani mwake, alisimama mlangoni na tasbihi yake mpaka mwisho, asikae wala asiondoke. "Kumbe kamera ni yetu?" akasema. Binti yangu akamjibu kwa adabu, "Mjomba, kamera ilikuja baadaye sana. Yeye alieleza nuru."

Binti huyo ndiye anitiaye fikira. Siku ya pili yake aliniomba atazame vipindi kama hivyo chumbani, katika simu. Kumkataza ilimu siwezi, na humo imejaa. Lakini chumbani hayumo babu wa kugeuza kiti, wala mjomba wa kuulizana naye, na kipindi kimoja huvuta kingine bila ya adhana kukikata. Tumepatana kwamba kila Jumamosi atachagua kimoja, tukione sote sebuleni. Wiki hii amechagua kuandama kwa mwezi. Mjomba wake amekwisha kuuliza kitaanza saa ngapi.