Maua kando ya kidimbwi? Mtazame mtoto kwanza

Katika fleti tunazoishi hapa Nairobi mna kidimbwi cha kuogelea, na kati ya ua wa vyuma unaokizingira na njia ya magari pana kishoroba cha udongo kisichozidi futi moja na nusu kwa upana. Kwa miaka miwili hakikuota kitu ila magugu na vifuniko vya soda. Kamati ya wapangaji ilipoamua kipandwe maua, nilitwishwa mimi kazi hiyo.

Huenda ukadhani ni kununua miche kando ya barabara, kuchimba na kumwagilia maji. Hasha! Ua ule haukuwekwa kwa urembo. Uliwekwa kumzuia mtoto asiyejua kuogelea, na mtoto wa miaka mitatu akitumbukia hapigi mayowe kama tuonavyo katika sinema. Huzama kimya, kwa dakika chache tu, huku mama yake akianika nguo hatua kumi kutoka hapo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu vifo vya kuzama, lilitaja vizuizi vya kumtenga mtoto na maji miongoni mwa njia za kuokoa maisha.

Sasa tazama jinsi bustani inavyoweza kuuharibu ua huo. Wetu una kimo cha sentimita 120, yaani futi nne hivi. Fundi mmoja alishauri tujenge ukingo wa matofali tujaze udongo na samadi hadi inchi sita. Ungependeza, sikatai. Lakini piga hesabu: inchi sita ni sentimita 15, na ua wa 120 unabaki 105. Isitoshe, matofali yenyewe ni ngazi. Chungu kikubwa ni ngazi, jiwe la mapambo ni ngazi, na ndoo aliyoifudikiza mtunza bustani akaenda kula chamcha ni ngazi pia. Kule Australia, ambako sheria za nyua za vidimbwi ni kali, sehemu ya sentimita 90 inayokaribia ua hutakiwa isiwe na kitu cha kukwea.

Kilichotugawanya hasa ni faragha. Mama mmoja wa nyumba za chini, ambaye dirisha lake la sebuleni linatazama kidimbwi, alitaka tupande miti ya kuziba kabisa. "Mwanangu," aliniambia kikaoni, "nimechoka kunywa chai nikitazama mapaja ya watu." Watu walicheka, lakini alikuwa na haki yake. Nilimjibu, "Mama, majani yakiziba ua, wewe uliye karibu kuliko sote hutamwona mtoto akianguka." Kamati ilimnunulia pazia jepesi. Hajaridhika hadi leo.

Kuhusu mimea, oleanda inapendeza na kustahimili jua, lakini ina sumu kuanzia jani hadi ua lake. Utomvu wa mnyaa huunguza macho. Bogenvilia hupanda vyumani na kuangusha miiba panapopita watu pekupeku, na kwa sababu hiyo hiyo niliikataa kayaba. Usipande pia mti wa mizizi yenye nguvu, utapasua sakafu ya kidimbwi.

Sisi tulipanda mchaichai. Majani yake hulala yakishikwa, kwa hiyo hayambebi mtoto. Tulikubaliana usizidi goti, nao hukatwa kila Jumamosi. Udongo tuliuinamisha kuelekea njia ya magari ili mvua ya masika isisombe samadi hadi majini, kwani mbolea hulisha ukuvu wa kijani na klorini huisha haraka.

Mbele ya lango hatukupanda kitu. Lango la kidimbwi linapaswa kufunguka kwa nje na kujifunga lenyewe, na ukilizungushia kokoto, kijiwe kimoja tu kikiingia chini yake linabaki wazi. Kokoto zenyewe, ukiwa na watoto wa kiume, zitahamia kidimbwini kabla ya wiki kwisha.

Siku hizi askari wa zamu ya asubuhi hulifungua lango hilo, akaliachilia na kusikiliza kama komeo limelia. Lisipolia, huchukua funguo na kukifunga kidimbwi kwa kufuli, hata kama ni Jumapili na watu wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea.